Mwaka wa Nywele za Damu ya Mzee

Nilivua kilemba mbele ya kina mama wote waliokaa kwenye benchi la kliniki, nikainama, nikakiweka kichwa changu juu ya meza ya nesi, juu ya kadi zake na kopo lake la kalamu. "Nitazame na mimi," nilimwambia. "Karibu na ngozi ni nyeusi, kwenye ncha ni nyekundu. Sawasawa na za mtoto. Sasa niambie, mimi nimeanza kulishwa lini? Na nani?" Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kwa pua, halafu benchi zima likamfuata. Nesi alirudisha kiti nyuma kana kwamba kichwa changu kinawaka moto. Debora, binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mgongoni ananivuta sikio. Na kule mwisho wa benchi, mkoba magotini, alikaa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka kijijini kwa kazi moja tu: kusikia kliniki inasemaje, ili aondoke na mtoto wangu au amwache.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimevumilia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne kimelala kwenye bahasha juu ya kabati, na nilikuwa nimefunzwa kwamba mwanamke akisemwa na mkubwa anatazama chini na kusema asante. Lakini nesi alikuwa amezitenganisha nywele za Debora kwa kidole, akawageukia wenzangu kama mwalimu aliyepata mfano ubaoni: "Mmeona, kina mama? Mara ya mwisho huyu alikuja na nywele nyekundu za utapiamlo. Nikamsema mama yake, akanuna. Sasa ameanza kumlisha. Tazameni, nyeusi zinarudi." Hapo bado ningeweza kunyamaza, maana mtu kujisifu hakunipunguzii kitu. Kilichonikata ni sauti ya mama mkwe kutoka kule mwisho wa benchi, tulivu, imeshiba: "Ni ule unga wangu wa uwele."

Nimeyaandika haya kwa sababu ya Zuhura. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Majengo nanunua karanga, nikasikia mtu anabishana na muuzaji kwa sauti ninayoijua, akisema kilo hiyo imepimwa na shetani. Nikageuka. Alikuwa yeye, jirani yangu wa mwaka ule, mwanamke niliyemwita dada ingawa hatukuzaliwa kabila moja wala dini moja. Alihama Dodoma akarudi kwao upande wa Chemba, mume wake akanunua mbuzi, wakakaa. Tulishikana pale katikati ya magunia mpaka mwenye bodaboda akatupigia honi. Alikuwa amepata mvi kwenye paji, pande zote mbili, kama mtu aliyeshikwa kichwa na mikono yenye unga. Nikamuuliza kwa nini hapaki rangi. "Nakungoja wewe unichagulie," akasema. Halafu akanitazama vizuri, macho yakaenda kutoka usoni mpaka kichwani na kurudi. "Ile hasira bado unayo?" Nikamwambia ninayo. "Itunze," akasema, "inakupendeza kuliko hata ile rangi."

Nami nina watoto wawili sasa, na ni kweli sijapoa. Watu hudhani hasira ya mwanamke ni kama maziwa jikoni, inapanda, inamwagika, basi, unafuta. Yangu haikumwagika. Imekaa miaka yote hii, na nikiitazama leo naona haikuwa ya nesi peke yake. Ilikuwa ya mwaka mzima.

Tulikuwa tumepanga Mkonze, vyumba viwili vinavyotazama ua, na Zuhura vyumba viwili vinavyotazamana na vyetu. Katikati kulikuwa na kamba za nguo, jiko la mkaa la kila mtu, na bomba la kisima lililotoa maji ya chumvi. Ukichemshia chai unaisikia chumvi chini ya sukari. Ukioshea nywele, zinakauka kama katani. Mume wangu, Elia, alikuwa fundi wa vigae kwenye majengo mapya ya serikali. Alitoka giza na kurudi giza, akija na vumbi jeupe kwenye kope. Mimi nilikaa na mtoto. Nilipika ugali wa mtama na mlenda, nikamsagia Debora karanga kwenye uji, nikafua, nikaanua, nikaokota vumbi jekundu ambalo upepo wa Dodoma huleta ndani hata ukifunga dirisha. Debora alikuwa na mapaja yenye mikunjo kama mandazi. Nasema hivi mapema ili ijulikane.

Nywele zangu ziliniacha baada ya kujifungua. Zilianzia mbele, kwenye paji, zikawa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Zuhura alinikuta siku moja nimeketi kizingitini nikizitazama mkononi. Hakunipa pole. Alisema, "Kata zote. Kichwa chako kizuri, hakina kona." Akanikata mwenyewe kwa mkasi wake wa vitambaa, nikabaki na nywele fupi za kushikika kwa vidole viwili, zimepauka na jua, hazijui kama ni nyeusi au za vumbi. Nilijitazama kwenye kile kioo cha Elia cha kunyolea ndevu. Niliona mtu aliyechoka. Nikasema, bila kufikiri, "Nataka rangi."

Leo nawasikia wasichana wakisema wanataka rangi kama wanavyosema wanataka soda. Kwangu haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila mtu kuniita jina langu. Nilikuwa mama Debora kwa majirani, mke wa Elia kanisani, "wewe mwenye mtoto mgongoni" dukani. Kupaka rangi kulikuwa kitu cha kwanza nilichotaka ambacho hakikuwa cha kuliwa wala cha kuvaliwa na mtu mwingine. Na nilitaka iwe rangi ya kunipendeza, si rangi tu.

Tulianza kwa boksi za duka la vipodozi. Zuhura alizigeuza moja moja, akamwuliza yule dada wa dukani, "Hii kahawia ya asali ni kwa nywele za nani? Za huyu aliyeko kwenye picha? Huyu nywele zake zilikuwa za asali kabla hajapaka." Dada wa dukani akasema kwa nywele nyeusi inabidi kwanza kuzichoma rangi yake kwa dawa nyeupe, ndipo asali ishike. Zuhura akanitazama. Nilikuwa nanyonyesha, na nywele zilizobaki zilikuwa chache kiasi kwamba ningeweza kuziita kwa majina. Tukairudisha ile boksi. Simu nayo ilikuwa na ushauri wake: nitazame mishipa ya mkononi, kama ni ya kijani nipake rangi za moto, kama ni ya buluu rangi za baridi. Nikatazama mkono wangu juani mpaka shingo ikauma. "Unaona nini?" Zuhura akauliza. "Naona mkono." "Basi tufanye kazi kwa mkono wetu."

Yeye alikuwa akiuza vitenge, na jioni alirudi na vilivyobaki kwenye furushi. Alichofanya ni kile alichowafanyia wateja wake. Alinisimamisha kwenye kizingiti, jua la alasiri likinipiga upande, kitambaa cheupe kichwani ili nywele zisinidanganye, kisha akawa ananiwekea kitenge kimoja kimoja chini ya kidevu. "Usitazame kitenge," alisema, akishika kioo cha Elia mbele yangu. "Tazama uso. Ukiona kitenge kwanza ndipo uuone uso, hicho si chako." Njano ilinipa ngozi ya mgonjwa. Buluu kali ilinipa mifuko chini ya macho. Nyeusi tupu, ambayo ndiyo niliyodhani ni salama, ilinizeesha. Kila kivuli usoni kiliingia ndani zaidi. Halafu akaweka kimoja cha damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia kahawia, na mimi mwenyewe nikaona macho yangu yameamka. Ngozi yangu ni ya maji ya kunde. Nilikuwa naisikia ikiitwa hivyo tangu utoto, lakini sikuwahi kuiona ina nuru yoyote. "Hapo," Zuhura akasema, na wala hakutabasamu. "Hapo sasa kuna mtu."

Sitaki ionekane alikuwa hakosei. Mwaka mmoja kabla alijipaka mwenyewe njano, akiwa peke yake ndani, mlango umefungwa, bila kujaribu unywele hata mmoja kwanza. Alitoka kama hindi lililokaukia shambani, akavaa ushungi mpaka Idi ikaja na kupita. Mume wake alimwita "bwana shamba" kwa muda mrefu. Ndiyo maana kwangu alisisitiza hina, tena tuijaribu kwanza kwenye nywele za nyuma ya sikio, tukae nayo siku mbili, tuone ngozi inasemaje na rangi inatulia wapi. Tuliichanganya na maji ya maua mekundu ya rosela tuliyoyachemsha mpaka yakawa mazito. Kwenye nywele nyeusi hina haipigi kelele. Kivulini unaonekana kama huna kitu, mwanga ukiipiga inawaka. Alisema pia tusioshe kwa maji ya kisima, chumvi itaiua, tununue dumu la maji yasiyo na chumvi. Nilibisha. Akasema kama nataka kuonekana kama mbuzi wa Kondoa aliyepita kwenye tope, nioshe kwa maji ya kisima.

Tulipaka Jumapili baada ya misa. Nilikaa kwenye kigoda uani, taulo mabegani, Zuhura nyuma yangu na bakuli la hina kwenye ndoo iliyopinduliwa. Harufu yake ni ya majani yaliyonyeshewa. Katikati ya kazi simu yake ikalia, ikawa mama yake, akaibana kwa bega na kuongea lugha yao, ile ambayo ulimi unagonga kama kuni kavu zinapopasuka. Nilikuwa nimezoea kuisikia bila kuielewa, lakini siku ile nilisikia jina la Debora katikati. "Unamwambia nini juu ya mwanangu?" Akacheka. "Nimemwambia mwanao amekaa kwenye bakuli."

Tuligeuka sote wawili. Debora alikuwa ameinamia ndoo, mikono yote miwili ndani ya hina, na alikuwa ameshajipaka kichwa, kuanzia paji mpaka utosini, kwa uangalifu mkubwa, kama alivyoona tunafanya. Alitutazama akiwa na taji la tope la kijani. Tulicheka mpaka Zuhura akakaa chini. Halafu ikabidi nimwoshe, lakini kichwa changu kilikuwa kinachuruzika, maji ya dumu yapo ndani, mtoto hataki kushikwa, na mpaka tunamaliza hina ilikuwa imeshakunywa vya kutosha. Nywele za mtoto ni laini na hazijawa nyeusi sawasawa. Zinashika haraka kuliko zetu. Viganja vyake vilikuwa rangi ya machungwa. "Ameshakuwa bibi harusi," Zuhura akasema. Jioni Elia aliporudi alitutazama mimi na mtoto kwenye mwanga wa taa, akasema, "Nyumba imepata mabalbu mawili." Halafu, baada ya kula, akasema taratibu kwamba nimependeza. Hilo nalo naliandika, maana alikuwa mtu wa kusema vile kwa nadra.

Nilikuwa na furaha karibu wiki mbili. Nilitembea juani nikijua kuna kitu kinawaka kichwani. Kisha siku ya kliniki ikafika, na kufikia siku hiyo viganja vya Debora vilikuwa vimeshatakata, kwa sababu mtoto hunawa, hutambaa, hula, na ngozi huacha rangi. Nywele haziachi.

Ile zahanati sitaitaja. Nesi alimtundika Debora kwenye mizani, akaandika, na nukta ya uzito ikaangukia kwenye kijani cha kadi, nikaiona kwa macho yangu. Halafu akamtazama mtoto kichwani. Akanitazama mimi kichwani. Naweza kusema siku ile nilijifunza kwamba kuna watu wanaoweza kuona vitu viwili vinavyofanana, vimewekwa kimoja juu ya kingine, wakavipa sababu mbili tofauti. "Wewe umejipaka," alisema, "mtoto amepauka. Hizi nywele za utapiamlo." Nikasema ni hina, nesi, alichezea hina yangu. Akasema, kwa sauti ya kufika nje, "Hina kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu? Usinifanye mtoto na mimi. Pesa ya kujiremba unayo, ya mayai huna." Nikamwonyesha ile nukta ya kijani. Akasema kijani inaweza kudanganya, nywele hazidanganyi. Akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini. Hakumpima mkono kwa ule utepe wao wa rangi. Utepe ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya bega lake.

Nilivyoondoka nilikuwa najiuliza kama nimekosea. Huo ndio ubaya wa kusemwa mbele za watu. Unaanza kujitetea kwa mtu ambaye hayupo. Njia nzima nilikuwa nampa nesi majibu mazuri kichwani. Nyumbani nikambana Debora mapaja, nikamtazama macho, ulimi, nyayo. Nikampikia mayai mawili, akala moja, la pili akampa paka wa Zuhura.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja anayetoka kijiji kimoja na mama mkwe. Sihitaji kueleza zaidi. Mama mkwe aliingia uani siku chache baadaye na gunia dogo la unga wa uwele, kuku mmoja chini ya kwapa, na mkoba. Nikampigia goti, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alitazama nywele. Kisha akamchukua Debora, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kichwani kwake, akatoa ule mguno wa Kigogo ambao hauna maneno na hauhitaji. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili mwaka wa njaa kabla hajamzaa Elia, na nywele zao zilikuwa zimegeuka hivyo hivyo. Hayo niliyajua baadaye sana, akiniambia mwenyewe tukichambua mboga. Mwaka ule nilichokijua ni kwamba amelala chumba cha mbele, pazia moja kati yetu, na nilimsikia akizungumza na mwanawe.

"Anajipaka, anajitazama, mtoto anakufa."

"Mama, mtoto mbona anakula."

"Wewe unatoka jua halijachomoza. Unajua anakula nini?"

Nilikuwa naosha vyombo upande wa pili wa pazia, nikaacha kuosha ili nisikie Elia atasema nini.

"Aachishwe ziwa," mama mkwe akasema. "Siku ya kliniki nitaenda naye mwenyewe. Wakisema bado, naondoka na mtoto. Atarudi akiwa na nywele za watu."

"Sawa, mama," akasema mume wangu.

Nilimuuliza baadaye hiyo sawa ilikuwa ya nini. Akasema ni mama yake, angesemaje. Nikamwambia angesema hina. Neno fupi, lisingemchosha.

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: mnyoe. Mama mkwe alisema mnyoe zianze upya. Elia alisema mnyoe yaishe. Mwenye nyumba, ambaye alikuja kwa ajili ya bomba, alisema mnyoe, mtoto wa kike akinyolewa nywele zinajaa. Hata Zuhura alisita. "Mdogo wangu, ukimnyoa hawana cha kusema." Nikamwambia, "Na mimi sitakuwa na cha kuonyesha." Nilikuwa nimekaa na kile kioo muda mrefu kuliko wao wote. Nilijua kwamba rangi haikui na nywele. Kila siku karibu na ngozi panachomoza weusi, mstari mwembamba, kwangu na kwa Debora kwa pamoja, kama vile tumepandwa siku moja shamba moja. Nilizitazama zile nywele zikikua kama mkulima. Nilikataa kumnyoa. Mama mkwe akasema nina kichwa kigumu. Akaendelea kumpikia mtoto uji wa uwele, mzito, mtamu, na Debora akaunywa, kwa sababu Debora hakuwahi kukataa uji wa mtu. Nikauona mtego na sikuwa na la kufanya: kila siku weusi unachomoza, na kila siku uji wa bibi unanyweka.

Nikiwaza leo, naona hapo ndipo mwaka ule ulinibadilisha, kabla hata ya lile benchi. Niligundua kwamba mwanamke mwenye mtoto mdogo hana kioo chake. Kila dakika aliyojitazama inahesabiwa kuwa ameiiba kwa mtoto. Ningekuwa na nywele zilizopauka, macho yameingia ndani, kanga imechanika, nesi yule angeniita dada na kunipa pole, na pengine angemwona mtoto. Alichokiona ni rangi iliyonipendeza. Ingekuwa imenikataa, labda angenisamehe.

Basi, siku ya kliniki tulikwenda watatu. Mama mkwe alibeba mkoba wake, na ndani ya mkoba aliweka nguo za Debora. Niliziona anavyozikunja. Na nesi, badala ya kumpima, akazitenganisha zile nywele na kutoa mhadhara wake, na mama mkwe akasema ule unga wangu, na nikajua kwamba nimeshindwa pande zote mbili. Nyekundu ilikuwa kosa langu. Nyeusi ni sifa yao. Mtoto angechukuliwa kwa kuwa mgonjwa, na sasa angechukuliwa kwa kuwa amepona kwa uji wa bibi yake. Ndipo nikavua kilemba.

Kicheko cha benchi hakikunisaidia. Nesi alisimama akaitupa kadi mezani. "Toka. Mtoto wako simpimi. Nenda kliniki nyingine ukaonyeshe nywele." Mama mmoja akasema, "Lakini dada, si kweli zinafanana?" Nesi akamwambia kama anataka, amfuate. Nilichukua kadi. Mama mkwe alikuwa ameinuka, ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa ananitazama kichwani bila mguno. Alinisogelea, akanyoosha kidole, akagusa nywele zangu karibu na ngozi. Halafu akamgusa Debora, palepale. Lakini mkoba hakuushusha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka. Nikanunua karatasi na kalamu, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro wa zahanati, Debora akaenda kwa bibi yake, nikaandika kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa Kiswahili, anwani kulia, kichwa cha barua kwa herufi kubwa. Mama mkwe hakusoma shule. Alisimama juu yangu kunikinga jua, pengine bila kukusudia. "Umeniandika na mimi humo?" akauliza. Nikamwambia, "Nimekuandika, mama. Kama shahidi." Akafikiri. "Andika kwamba nilizaa saba," akasema, "wasidhani sijui mtoto." Nikaandika, nikaipeleka ndani, nikarudi kukaa kwenye benchi.

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati ile, aliisoma mlangoni, amesimama. Alimpima Debora mwenyewe, kwenye mizani na kwa ule utepe, vyote vikaonyesha kijani. Mama mkwe alirudi kijijini keshokutwa yake na kuku mwingine niliyempa mimi, na nguo za mtoto zikabaki kabatini. Nesi aliendelea na kazi, ila alihamishiwa meza ya dawa, na sijui kama ni kwa sababu yangu. Barua yenyewe nilibaki na nakala, na hii hapa kama ilivyo, makosa yake yote ndani.

KWA MGANGA MFAWIDHI.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUGUZI WA KLINIKI YA WATOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa Debora, mkazi wa Mkonze. Ninamlalamikia muuguzi aliyeko zamu leo kwa mambo yafuatayo.

Kwanza, alimwandikia mwanangu utapiamlo kwa kumtazama nywele bila kumpima mkono, na uzito wake ulikuwa kwenye kijani. Nilimwambia ni hina. Alisema ninadanganya. Pili, leo weusi umeota kwa sababu nywele zimekua, naye akasema ni kwa sababu nimeanza kumlisha. Nimemwonyesha nywele zangu ambazo tulipaka siku moja na mtoto. Zimeota vilevile. Alikataa kuzitazama. Tatu, amekataa kumpima mtoto na ametufukuza.

Nina shahidi, bibi yake mtoto, ambaye amezaa watoto saba na anajua mtoto. Yeye ataondoka na mwanangu leo ikiwa hamtampima, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye kadi.

Ninaomba mtoto apimwe leo, bibi yake akitazama. Ninaomba yale maneno mekundu yakatwe kwa wino mwekundu vilevile. Ninaomba muuguzi awaambie kina mama wa benchini kwamba alikosea, na aseme kwa sauti ileile aliyonisema nayo. Kuhusu mimi kupaka nywele rangi, hilo si lalamiko la mtu yeyote, na siombi ruhusa.

Aliyeandika ni mama mzazi wa Debora. Nipo hapa nje kwenye benchi, na siondoki.